Mwaka Ambao Mwezi Uligoma

Sista, nesi wetu wa zamani, alizikwa Jumamosi, na mimi nilikula chakula cha mazishi yake nikashiba. Wali, nyama ya ng'ombe, kabeji, na chai ya maziwa mengi, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu anashuka kaburini bila watu kunywa chai. Nilipewa kiti cha mbele, karibu na spika, kwa hiyo nilisikia yote. Mchungaji alisema marehemu aliwainua wanawake wa Konoin nzima. Chifu alisema hakuna boma ambalo mkono wa mama huyu haukugusa, na hapo alisema kweli. Binti yake, mama mwenye miwani na sauti nzuri, alinijia na maikrofoni akaniita Kogo, kama anavyomwita nyanya yake. "Kogo, wewe ulimjua mama siku nyingi. Sema neno." Nikamwambia nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Mtu akikulisha, usimtukane mamake jeneza likiwa bado juu ya meza. Nilienda nyumbani, nikavua viatu, na neno lile nililokataa kusema nimeliandika hapa. Ni refu kidogo.

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Leo nina chai yangu mwenyewe, nina ng'ombe wa gredi, na pale Mogogosiek nina nyumba za kupangisha ambazo walimu wenye digrii wanakaa ndani na kunisalimia kwa heshima tarehe ya kodi ikifika. Hakuna aliyenipa. Kwa hiyo asifikirie mtu kwamba naandika nihurumiwe. Mwaka ninaousema, nilikuwa kijana, nimeolewa, nachuna chai kwenye estate moja huko juu kuelekea msitu wa Mau. Tuliishi kwenye laini, nyumba zimeshikana kama meno, chumba kimoja kwa familia moja. Upande wangu wa kulia aliishi Kerubo. Alikuwa Mkisii kama mimi, tumetoka milima ile ile, lakini hatukujuana mpaka ukuta ulipotujulisha. Ukuta wenyewe ulifika kifuani mwa paa ukachoka, juu palikuwa wazi. Kwa hiyo nilijua ugali wake ukiungua. Nilijua mumewe Nyakundi akipiga miayo. Na nilijua daktari wa Bomet alimwambia nini, kwa maana walibishana juu ya jambo hilo karibu kila jioni, sufuria ikiwa bado motoni.

Kerubo alikuwa na watoto wawili, wote wametolewa kwa kisu. Wa pili alipotolewa, daktari alimwambia tumbo lake la uzazi limeshonwa mahali palipokuwa pameanza kupasuka, na kwamba mimba nyingine itapasua tena, na yeye atakufa. Hakumzungushia maneno. Kerubo alilichukua neno hilo kama lilivyo na kulileta nyumbani. "Daktari amesema," nilimsikia akimwambia Nyakundi. Nyakundi akamjibu, mdomo umejaa, "Daktari ndiye amekuoa?" Halafu kijiko kikagonga sahani. Nyakundi hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mtu wa kawaida, na watu wa kawaida ndio wanaoua wake zao. Mamake alikuwa anatuma watu kutoka Kisii kumwambia watoto wawili ni kama jicho moja. Kerubo hakutaka kuachwa, na hakutaka kufa. Hayo mawili ndiyo yalikuwa maisha yake yote mwaka ule, na hakukuwa na nafasi katikati.

Ndipo Sista akaja asubuhi moja mahali tulipokuwa tunaitwa majina kabla ya kazi. Alikuwa amesimama kando ya nyapara, sweta ya bluu juu ya yunifomu, akatuambia kuna mradi, kuna kitu kipya kutoka ng'ambo, vijiti vinaingia chini ya ngozi ya mkono na mwanamke hashiki mimba miaka mitano. Siku hizi ni kijiti kimoja au viwili. Vyetu vilikuwa sita. Wanaume walicheka, na mmoja akauliza kama kuna vya kuwekwa kwa mdomo wa mke. Kerubo hakucheka. Alikuwa wa kwanza kwenye benchi siku hiyo hiyo. Sista akamwambia vijiti havijafika, arudi. Alirudi. Havijafika. Akarudi tena. Na wakati Kerubo anangoja vijiti, Nyakundi yeye hakuwa anangoja kitu.

Siku vilipofika tulienda wengi. Chumba cha zahanati kilikuwa zamani stoo ya mbolea, na mbolea haikuwa imeondoka, harufu yake ilikuwa ukutani. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta na sufuria ya kuchemshia visu. Mlango ulikuwa leso tu, na benchi letu limegusa leso. Ukikaa hapo ulisikia mpaka mtu akimeza mate. Nilikaa na Chelagat, mchunaji mwenzetu, msichana wa Kipsigis aliyekuwa na mdomo ambao hata nyapara aliukwepa.

"Lala," tulimsikia Sista. "Mkono. Si huo. Unachuna na gani?"

"Yote, Sista."

"Basi nyosha wowote. Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wawili? Mkisii mzima? Wengine umeficha wapi?"

Benchi likacheka. Kerubo akajaribu. "Sista, mimi kule Bomet daktari aliniambia..."

"Hapa ni Bomet? Ukitaka Bomet, barabara iko pale. Usitikisike, nikikata vibaya ni wewe."

Hakuuliza kingine. Hakumgusa tumbo, hakumwambia akojoe kwenye kitu chochote, hakumuuliza alikuwa na siku zake lini. Nawaambia hivyo nikiwa na hakika, kwa sababu nilikuwa karibu naye kuliko mto wa kitanda. Alikata, akaingiza, akafunga bandeji, kisha akatoka nje na Kerubo akiwa nyuma yake na kutuhutubia wote mara moja, ili asirudie. "Mtatapika kidogo. Mtanenepa, na hiyo si mbaya, wengine mmekonda kama mwiko. Na mwezi unaweza kugoma. Ukigoma usije hapa kunisumbua. Ni dawa inafanya kazi."

Alitaka kusema kukoma. Sista alikuwa Mkipsigis, na k ikikaa katikati ya neno lake ilikuwa inageuka g. Sisi Wakisii tuna yetu, tunaita polisi bolisi, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake, na maneno yake mengine nimeyaandika sawasawa kwa sababu nina adabu. Lakini hilo moja naliacha kama lilivyotoka, kwa sababu lilitushika. Kukoma tungeuliza. Kitu kikikoma kimekufa, na mwanamke angerudi kwao akifikiria. Kugoma tulikujua sana. Sisi tulikuwa watu wa chai. Kugoma ni kukaa chini na kukataa kazi, unaimba, unapigwa virungu kidogo, halafu kesho kutwa unachukua kikapu chako unarudi shambani kana kwamba hakuna kitu. Mgomo huisha. Kila mtu anajua mgomo huisha.

Wiki chache baadaye shamba lote lilikuwa linaongea lugha hiyo. Tuko kwenye mistari ya chai, aproni za plastiki zimelowa umande mpaka kiunoni, mikono inakimbia, na Chelagat anapaza sauti, "Wangu umegoma! Unataka nyongeza!" Mwingine anamjibu kutoka mstari wa mbali, "Wangu umekataa kupumzika, unafanya kazi mpaka Jumapili!" Kwa sababu wengine dawa iliwatoa damu bila kukoma, wakavaa matambara mwezi mzima wakaambiwa na Sista ni uchafu unatoka. Kerubo naye, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alijifunza mzaha. "Wangu umegoma na bendera," alisema, "na hakuna hata wa kujadiliana naye." Nyapara alisikia mgomo, mgomo, akakimbia kuambia wakubwa, na jioni meneja akaja mwenyewe na gari kutuuliza ni nini hatupendi. Tulicheka mpaka vikapu vikaanguka. Nikiwaza mwaka ule, hicho kicheko ndicho nasikia kwanza, na kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Kerubo alikuwa amenenepa, uso umejaa, anatapika asubuhi nyuma ya nyumba na kurudi akiwa anatabasamu. Yote Sista alikuwa ameyataja. Alikuwa mwanamke ambaye hatimaye hatakufa, na alitembea hivyo.

Tulikuwa tunakula mchana, tumejikinga mvua chini ya kibanda cha mizani, ugali baridi na mboga ya managu, kila mtu na kikopo chake. Kerubo aliacha kutafuna. Tonge lilikuwa bado shavuni. "Moraa," aliniita, "kuna kitu." Akachukua mkono wangu akauweka chini ya aproni. Niliuacha hapo kidogo, nikauondoa. Chelagat naye akaweka wake. Tulimngoja Chelagat aseme kitu, kwa maana yeye alikuwa hajawahi kukosa neno, na kweli hakukosa. "Huyu hajagoma," alisema. "Huyu ni mfanyakazi mpya." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Kerubo alimeza lile tonge kwa nguvu, kama mtu anayemeza jiwe, akafunga kikopo chake. Akaniambia polepole kwamba siku ile ya vijiti mwezi wake ulikuwa umechelewa kidogo. Alifikiri ni baridi ya Mau. "Angeniuliza, ningemwambia. Nilikuwa nataka kumwambia mambo mengi."

Tulienda naye zahanati, mimi na yeye. Sista kwanza alisema ni gesi. Alimlaza, akamgusa, na niliona mkono wake ukisimama. Sikuwa nyuma ya leso siku hiyo, niliingia ndani bila kuitwa. Alipoinua uso alikuwa tayari na hasira, na mtu aliyekosea akiwa na hasira kuliko aliyekosewa, jua ameelewa vizuri.

"Ulikuja hapa na mimba," alimwambia. "Ulinidanganya."

"Hukuniuliza, Sista."

"Wewe ni mtoto? Mwanamke mzima hajui tumbo lake? Unaniharibia mradi!"

"Daktari alisema nitakufa."

"Basi ungemwambia mumeo alale na soksi."

Kerubo akamwomba angalau amtoe vile vijiti, havina kazi tena. Sista akasema yeye amefundishwa kuweka, kutoa hajafundishwa, wa kutoa watakuja. Hivyo ndivyo ilikuwa, na si kwake peke yake. Kuweka kulikuwa na sherehe, na kutoa hakukuwa na mwenyewe. Baadaye alipoa. Akasema kuna gari la mradi, atampeleka Bomet yeye mwenyewe kabla ya uchungu, akatwe mapema, mambo yaishe kimya kimya. Alisema Ijumaa moja, karibu na mwisho wa mwezi wa nane wa mimba. Kerubo aliikumbatia hiyo Ijumaa. Alifua nguo za watoto, akazikunja, akamwonyesha Nyakundi unga uko wapi na chumvi iko wapi. Kupitia ukuta nilimsikia akimwambia, "Wakinikata mapema nitapona. Ni huo mlango mmoja tu." Nyakundi akasema, "Sawa." Tangu nimjue, lilikuwa neno lake la kwanza zuri.

Alhamisi Sista alikuja laini mwenyewe, jambo ambalo hakuwa anafanya. Alisimama mlangoni kwa Kerubo bila kuketi. Wageni wa mradi wanakuja kesho, alisema, wazungu, na wakubwa kutoka Nairobi. Gari litawazungusha mchana, halafu jioni litampeleka. "Na wewe kesho usitoke nje. Usije hata karibu na barabara. Tumbo hilo na mkono huo wakiviona pamoja, nitawaambia nini?" Kerubo akasema ndiyo, Sista. Alikuwa anamhitaji. Ukimhitaji mtu unasema ndiyo.

Ijumaa uchungu ulianza wakati wa chai ya saa nne. Sikuwa nimeenda kazini, nilikuwa na mtoto mgonjwa, na nilimsikia kupitia ukuta, si kelele, ni pumzi tu. Niliingia nikamkuta amepiga magoti akishika kitanda. "Nenda kwa Sista," aliniambia. "Mwambie si jioni." Nilikimbia. Uwanja wa zahanati ulikuwa umefagiliwa, kuna viti vya kanisa na vitambaa, na wenzangu wamepangwa mstari wakiimba, mikono wazi, bandeji mpya zimefungwa hata kwa wale waliopona zamani, ili zionekane. Mzungu mmoja mwanamke alikuwa anamshika Chelagat mkono akitabasamu. Gari jeupe lilikuwa hapo hapo, dereva amelala ndani. Nilimfikia Sista kutoka nyuma nikamwambia sikioni. Hakugeuka. Aliendelea kutabasamu kwa wageni, akaniambia kupitia hayo meno, "Ngoja wamalize kula."

Nikaenda kwa dereva. Akasema yeye anaamriwa na Sista. Nikarudi kwa Sista, akanishika kiwiko akanifinya, bado anatabasamu, akasema nikimwaibisha mbele ya watu hawa sitawahi kutibiwa hapo, mimi na watoto wangu. Kuku alikuwa anapakuliwa. Chelagat aliniona uso. Aliuchomoa mkono wake mikononi mwa yule mzungu, akavuka ule mstari wa waimbaji, akakimbia nami kuelekea mizani, na huko tukapata trekta la majani. Dereva wa trekta alisema majani yakikaa yanaungua, lazima yafike kiwandani kwanza. Chelagat akamwambia maneno ya Kipsigis ambayo sikuwa nimewahi kusikia na sijasikia tena. Akawasha.

Tulimlaza Kerubo juu ya majani ya chai. Yalikuwa yameanza kupata joto, kama kitanda cha mtu aliyetoka sasa hivi. Kabla ya barabara ya lami alishika tumbo akasema, "Limeachia," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kamba ya ndoo imekatika. Baada ya hapo uchungu ukaisha, na Chelagat, ambaye hakujua, akasema, "Asante Mungu, umepoa." Mimi nilijua. Kerubo alinitazama akaona kwamba najua. Hakusema mambo ya watoto wangu uwaangalie, hayo watu husema kwenye hadithi. Alisema ana kiu. Hatukuwa na maji. Tulifika Bomet na maiti mbili, moja ndani ya nyingine. Majani ya trekta lile yalimwagwa kwa sababu ya damu, na wote waliochuna asubuhi hiyo kilo zao zikafutwa. Wengine laini walilalamikia kilo. Niliwasikia.

Mimi ni mmoja wa waliomwosha. Nilipofika mkononi, vilikuwa hapo chini ya ngozi, vyote sita, vimefunguka kama vidole. Vilikuwa vimekaa vizuri. Kazi yake ya kisu Sista aliijua. Kerubo alizikwa navyo Kisii, kwenye shamba la mama mkwe aliyetaka wajukuu zaidi. Sista alikuja matangani na sukari na majani chai, akasema ni kazi ya Mungu, na Nyakundi akamshika mkono kwa mikono miwili na kumshukuru. Mke mwingine aliletwa kabla michai tuliyokuwa tunachuna haijapogolewa.

Na mimi nilirudi kwa Sista. Msinishangae. Siku ile ya kwanza vijiti viliisha kabla zamu yangu haijafika, zahanati ilikuwa moja, nilikuwa na watoto watatu, na sikuwa nataka wa nne, nilikuwa nataka shamba. Wanawake walikuwa wamejaa benchi kama kawaida, na Kerubo hakutajwa. Nilipita leso, nikalala, harufu ya mbolea ile ile. Sista alikuwa anapiga sindano hewani kutoa mapovu.

"Nyosha mkono."

"Niulize kwanza."

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Nje benchi lilikuwa linaongea juu ya viazi. Likanyamaza. Sista aliinama karibu na sikio langu, akauliza kwa sauti ya mbu, mwezi wako ulikuja lini.

"Sista, mimi ni mtu wa kelele za laini," nilimwambia. "Sisikii. Sema kwa sauti."

Alinitazama. Mimi nilikuwa mchunaji wa darasa la tatu nimelala kwenye kitanda chake, na yeye alikuwa na yunifomu. Kama angenifukuza ningeenda wapi? Lakini nje palikuwa kimya, na alijua nani wamekaa pale.

"Mwezi wako ulikuja lini!"

"Jumapili. Bado niko nao."

Kutoka kwenye benchi Chelagat, aliyekuja kuangaliwa mkono wake wa vijiti, akasema, "Wangu haujulikani uliko, Sista. Na mimi usinipite bila kuniuliza." Mwingine akasema, "Hata mimi." Mwingine akapiga benchi na kiganja.

"Umemaliza?" Sista aliniuliza.

"Nimemaliza."

Akanidunga ganzi, na hakungoja ishike. Alichukua kisu akakata hapo hapo, akinitazama usoni aone kama nitalia. Na mimi nilimtazama, mpaka akaingiza cha sita.